Mtoto asiogope kusema "naumwa"

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya sekondari ya bweni na kutwa hapa mkoani Kagera. Naiweka nzima kwa ajili ya wazazi ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, matroni na patroni, baba zangu na mama zangu, na ninyi wanangu mliosimama kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie afya ya wanafunzi, hasa magonjwa ya kuambukiza. Ningeweza kuwasomea ugonjwa mmoja mmoja na dalili zake mpaka jua lizame, na kesho msikumbuke hata kimoja. Sitafanya hivyo. Nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlizoee. Shuleni, ugonjwa hupita pale ambapo mtu anaogopa kuusema. Mtoto akiogopa kusema, unaenea. Mzazi akiogopa kusema, unaenea. Mkuu wa shule akiogopa kusema, unatoka getini na kufika vijijini.

Nianze na fomu.

Kila mwenye mtoto kidato cha kwanza au cha tano aliletewa fomu za kujiunga. Mle ndani kuna godoro, shuka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, na katikati ya hayo yote kuna karatasi ya uchunguzi wa afya inayojazwa na mganga. Mnaikumbuka? Nyoosheni mikono. Vizuri. Sasa nauliza tena: ni nani ambaye mtoto wake alipimwa kweli kila kilichoandikwa pale? Naona mikono inashuka.

Karatasi ile inataka damu ipimwe, choo kipimwe, mkojo upimwe. Inauliza kifua kikuu. Inauliza macho, masikio, kifua, bandama, tumbo. Inauliza kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu, au kama kuna ugonjwa katika ukoo. Chini kabisa kuna sahihi na muhuri kwamba mtoto anafaa kuendelea na masomo. Na sisi sote tunajua inavyokwenda. Zimebaki siku mbili mtoto aripoti. Nauli haijatimia, godoro halijanunuliwa. Mzazi anafika zahanati alasiri, foleni ni ndefu, anainama dirishani: "Dokta, nisaidie muhuri tu." Na wapo watu wa taaluma yangu wanaosaidia. Nalisema hili hadharani: muhuri wa namna hiyo si msaada. Ni ushahidi wa uongo dhidi ya watoto wote watakaolala bweni moja na mtoto yule.

Niwasimulie habari za kijana mmoja. Shule sitaitaja, wala haikuwa hii. Aliripoti kidato cha tano, fomu yake safi, afya njema. Lakini nyumbani alikuwa akilala chumba kimoja na baba yake mdogo, ambaye alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu. Mama alilijua hilo. Akaogopa kuliandika. Alijiuliza: wakimrudisha? Nafasi ikipewa mwingine? Kijana akaanza kukohoa kabla ya likizo fupi. Wenzake wakampachika jina. Akawa ananunua dawa za kikohozi dukani, analala ameelekea ukutani, anaziba mdomo kwa blanketi ili asiwaamshe wenzake. Patroni alipokuja kumpeleka hospitali, mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa jinsi alivyokonda. Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Walipopimwa wenzake wa chumbani, wawili nao wakakutwa nacho.

Wote watatu walipona, namshukuru Mungu. Dawa za kifua kikuu ni za miezi sita, na kwenye vituo vya serikali hazilipiwi. Ila fikirini, ndugu zangu. Kama mama yule angeandika mstari mmoja tu, "ameishi na mgonjwa wa kifua kikuu", kijana angepimwa kabla hajabeba tranka. Akikutwa hana, angeweza kupewa dawa za kinga. Akikutwa nacho, angeanza matibabu nyumbani, na kwa wagonjwa wengi wanaomeza dawa vizuri, baada ya wiki mbili hivi hatari ya kuambukiza wengine inakuwa imeshuka sana. Angechelewa shule wiki mbili tatu. Angekuta kitanda chake kinamsubiri.

Je, mama yule ni mtu mbaya? Hapana. Nimekaa naye, nimelia naye. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba fomu ile ni chekecheke, kwamba shule inawapepeta watoto na wenye kasoro wanatupwa nje. Nani hapa angemtia mwanawe kwenye chekecheke kwa mikono yake mwenyewe?

Kwa hiyo namwomba Mkuu wa Shule mbele yenu wote. Tamka leo, mzazi asikie kwa masikio yake, kwamba hakuna mtoto atakayepoteza nafasi katika shule hii kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye fomu ya afya.

(Hapa Mkuu wa Shule alisimama na kulitamka hilo. Wazazi wakapiga makofi.)

Asante sana, Mwalimu. Makofi hayo ni ya haki.

Na kwenye fomu hiyohiyo kuna mambo mengine yanayofichwa ambayo wala hayaambukizi. Kifafa hakiambukizi. Povu la mtu mwenye kifafa halimwambukizi yeyote, na mwanafunzi anayekimbia mwenzake akianguka anamwacha agonge kichwa kwenye sakafu. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, haiambukizi, na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye selimundu. Mtoto huyo akilazimishwa mchakamchaka kwenye baridi ya alfajiri bila maji ya kunywa, mtamwamshia maumivu ambayo sisi wenye afya hatuyajui. Pumu haiambukizi. Na virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kula sahani moja, kukaa dawati moja, wala kulala kitanda cha juu na cha chini. Sheria ya nchi hii ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Lakini wapo watoto wanaoficha vidonge kwenye kopo la karanga, na wakikosa faragha usiku ule, wanaruka dozi. Mtoto aliyezaliwa na virusi na kumeza dawa tangu utotoni anafikishwa kidato cha tatu akiwa imara, halafu bweni letu linamshinda. Matroni, tafuteni sehemu. Chumba chenye mlango, maji ya kunywa, na mtu mmoja asiyeuliza maswali. Basi.

Na fomu zenyewe, tafadhali, zisikae kwenye faili ambalo kila mwalimu wa zamu anaweza kulifungua. Matroni au patroni, na mwalimu wa afya. Hao wanatosha.

Sasa twendeni bwenini.

Nataka nizungumze juu ya upele. Naona wengine mnacheka. Upele hauui haraka, ndiyo maana haupewi heshima. Lakini mtoto anayejikuna usiku kucha hasomi mchana, na vidonda vya kujikuna vikiingia bakteria vinaweza kuharibu hata figo. Nimeona shule ya wasichana ikisumbuka na upele muhula mzima, na sikilizeni jinsi ulivyodumu.

Matroni wa kwanza alisimama paredi asubuhi, mbele ya shule nzima, akasema: "Wenye upele wapite mbele." Mnadhani walipita wangapi? Hakupita hata mmoja. Msichana wa miaka kumi na mitano apite mbele ya wenzake mia nne kusema ana upele? Baadaye wakaanza kukaguliwa mikono, waliokutwa nao wakahamishiwa chumba cha peke yao, na wanafunzi wakakipa chumba kile jina: gereza. Tangu siku hiyo wasichana wakawa wanajikunia chooni. Wachache waliogundulika walipakwa dawa, wakapoa, wakarudi kwenye mashuka yaleyale na marafiki walewale, na baada ya wiki chache wakaanza upya. Mzazi mmoja akasema shule imerogwa.

Haikurogwa. Mdudu wa upele anachimba ndani ya ngozi, na mtu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajaanza kuwashwa. Yaani yule asiyejikuna leo, anayemcheka mwenzake, huenda tayari anao na anaugawa kila anapoazima sweta. Ukimtibu anayejikuna tu, umemtibu mtu wa jana.

Akaja matroni mwingine, mama wa makamo, mpole. Huyu hakuuliza nani anao. Alinunua dawa ya kupaka ya bweni zima, ile BBE, akachagua Jumamosi moja. Mashuka yote, nguo zote, yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kikafungwa kwenye mifuko siku kadhaa, kwa sababu mdudu yule akitoka kwenye ngozi ya mtu hadumu zaidi ya siku tatu hivi. Jioni, wote wakapaka, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, kiunoni, chini ya kucha. Wote, anayewashwa na asiyewashwa, kiranja na asiye kiranja. Na wa kwanza kupaka alikuwa matroni mwenyewe, mbele yao. Akawaambia pia kwamba kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata baada ya mdudu kufa, kwa hiyo wasitishike wala wasijipake kila siku. Wakarudia dawa kama walivyoelekezwa na kituo cha afya. Muhula uliofuata, kimya.

Dawa ilikuwa ileile ya matroni wa kwanza. Kilichobadilika ni nini? Hakuna msichana aliyeitwa mbele. Hakuna aliyepewa jina. Aibu iliondolewa, na mdudu akakosa pa kujificha. Ukitaka kujua kama bweni lako lina afya, usiangalie sakafu ilivyong'aa. Uliza: mtoto akijisikia vibaya saa nane za usiku, anamwamsha nani, na akimwamsha anajibiwaje?

Mapunye nayapitia haraka. Mashine moja ya kunyolea inayopita vichwa mia tatu bila kusafishwa kwa spiriti ndiyo inayowapandia watoto mapunye. Na mapunye ya kichwani hayaishi kwa mafuta ya kupaka, kwa sababu mafuta hayafiki kwenye shina la nywele. Yanataka vidonge vya wiki kadhaa kutoka kituo cha afya. Kwa hiyo, mzazi, acha kununua kopo baada ya kopo.

Madirisha pia. Nimepita mabwenini asubuhi hii nikakuta madirisha yaliyopigwa misumari. Najua ni kwa ajili ya wezi, na ni kwa ajili ya baridi. Lakini kifua kikuu, mafua na surua vyote vinasafiri kwenye hewa iliyofungiwa. Wekeni nondo na wavu, mfungue madirisha. Hii ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote nitakazotaja leo.

Sasa niwageukie ninyi wazazi wa watoto wa kutwa, maana naona mmetulia mkidhani haya ni ya bweni. Mnakumbuka Januari 2024? Shule ndiyo kwanza zimefunguliwa, Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko wa macho mekundu. Ulianza kuonekana Dar es Salaam, ukasambaa mikoa mingine. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi. Watu wakaanza kutia machoni chumvi, maziwa ya mama, hata mkojo, na wengine dawa za macho walizobakiza ndugu zao. Na watoto wakapelekwa shule macho yamevimba, kwa nini? Kwa sababu kuna jaribio la wiki. Kwa sababu mwalimu atamchapa kwa utoro.

Walimu wangu, hapa nisikilizeni kwa upendo. Shule inayotoa zawadi kwa mwanafunzi ambaye hajakosa hata siku moja mwaka mzima inamlipa mtoto ili aje na surua. Nisemeje tena? Tunampigia makofi kwa kuja mgonjwa! Wapeni zawadi za nidhamu, wapeni za masomo. Lakini siku ya ugonjwa iliyotolewa taarifa isiwe doa kwenye rejista. Na mtoto aliyebaki nyumbani apelekewe kazi na jirani yake, ili kubaki kusiwe adhabu.

Mzazi utajuaje lini abaki? Ana homa, abaki. Anatapika au anaharisha, abaki, na akiacha aongeze siku mbili. Ana vipele pamoja na homa, abaki, na uje kituoni. Ana macho mekundu yanayotoa uchafu, abaki. Anakohoa wiki mbili au zaidi, usimpe dawa ya dukani, mlete apimwe. Tetekuwanga: abaki mpaka kila lengelenge liwe limekauka na kuwa gamba, na usimpe aspirini. Surua: angalau siku nne tangu vipele vitokee. Matubwitubwi: siku tano tangu mashavu yavimbe. Msihangaike kuandika, karatasi ziko pale mlangoni.

Ndugu wazazi, sasa nataka kuzungumza juu ya hofu ya shule yenyewe, na mfano wangu ni wa hapahapa kwetu.

Tarehe 30 Januari 1962. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa wiki saba tu. Katika shule ya misheni ya bweni ya wasichana pale Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka na kushindwa kujizuia. Wazee mliopo hapa mlisikia habari hii utotoni. Haikuwa mzaha. Walikuwa wanacheka, wanalia, wanahangaika, wengine wakisema wanafukuzwa na kitu. Hali ikawa inakuja na kuondoka, kwa wengine saa chache, kwa wengine hadi siku kumi na sita. Ikapita kutoka kwa msichana mmoja hadi mwingine, hata kati ya wanafunzi 159 wakashikwa 95. Walimu hakuna aliyeshikwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao.

Na ndipo ikawaje? Baadhi ya wale wasichana kwao kulikuwa Nshamba. Aprili na Mei, Nshamba na maeneo yake wakashikwa watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Mwezi Juni shule nyingine ya wasichana, Ramashenye, karibu na Bukoba, wakashikwa 48. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakashikwa wengine 57, ikafungwa tena mwisho wa Juni.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika habari hii mwaka 1963. Walipima, wakatafuta. Hakukuwa na kijidudu, hakukuwa na sumu kwenye chakula, na hakuna aliyekufa. Walihitimisha kwamba ni hofu na msongo uliokuwa ukipita kutoka kwa mtu hadi mtu. Naomba msiwaite wale wasichana waongo, na msiseme walipagawa. Waliteseka kweli. Wengi wao leo wangekuwa bibi zetu.

Kwa nini nimewaleta Kashasha? Kwa sababu njia ni ileile. Kama kitu kisicho na kijidudu kilipanda gari pamoja na wasichana kikashuka Nshamba, je, surua itashindwa? Kipindupindu kitashindwa? Mkuu wa shule anapoona watoto kumi wanaharisha, akaogopa, akawaita wazazi usiku waje kuwachukua, au akawapandisha kwenye mabasi alfajiri, amechukua moto wa nyumba moja akaugawa kwa vijiji hamsini. Shule ikifungwa, ifungwe kwa uamuzi wa wataalamu, watoto wakiwa wamechunguzwa na kuandikwa. Isifungwe kwa sababu ya hofu.

Afanye nini basi? Atenge wagonjwa palepale shuleni, kwenye chumba chenye kitanda, maji, choo chake na mtu wa kuwahudumia. Ampigie Mganga Mkuu wa Wilaya siku ileile, si wiki ijayo. Aandike majina: nani ameugua, lini, analala wapi, alikula nini. Na awaambie wazazi ukweli kabla ya jua kuzama.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa hili kutoka mbali. Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au marehemu, katika wilaya ya Bukoba, mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu. Ugonjwa ule uliwachukua watu sita, na miongoni mwao alikuwemo mhudumu wa afya. Uliishaje? Watu walitaja. Mtu alisema: mimi nilimwosha marehemu. Mwingine akasema: mimi nilimbeba. Wakaandikwa, wakafuatiliwa kwa siku 21, zaidi ya watu mia mbili. Tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Ulipotokea tena Biharamulo mwaka 2025, tulikuwa tunaijua kazi. Hakuna dawa iliyofanya hivyo peke yake. Ni ndimi za watu waliokubali kusema.

Na hapa nina ombi gumu kwenu wazazi. Siku shule hii itakapowatumia ujumbe, "tuna wanafunzi watano wanaoumwa tumbo, wametengwa, mganga amefika", mtafanya nini? Mkija na pikipiki kuwavuta watoto getini, mkilitangaza jina la shule kwenye makundi ya WhatsApp kama shule ya maradhi, mkimtukana Mkuu wa Shule, basi mjue mara ya pili hatawaambia. Mtakuwa mmemfundisha kunyamaza. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humfichua. Msimfanye Mkuu wa Shule aone kilio ni nafuu kuliko ninyi.

Nimebakiza chanjo, nayo nitasema kwa kifupi kwa sababu wengi wenu mlichanja. Kadi ya kliniki, mama zangu, iko wapi? Wengi mliitupa mtoto alipofikisha miaka mitano. Itunzeni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mtoto anatakiwa apate chanjo ya surua na rubela mara mbili, miezi tisa na miezi kumi na minane, na dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anakuwa anakimbia na mama anaona amekua. Penye watu wasiochanjwa, mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza kati ya 12 na 18, na kirusi chake kinabaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ndiyo maana tunataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Wale watano waliobaki, ambao pengine ni wagonjwa na hawawezi kuchanjwa, wanalindwa na wenzao. Na rubela: kwa mtoto ni vipele vya siku tatu, lakini mwalimu mwenye mimba changa akiambukizwa darasani, mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa haoni, hasikii, au na tundu kwenye moyo.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tunawapa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu. Haifungi kizazi. Nasema tena kwa baba zangu mliokaa upande ule: haifungi kizazi. Saratani ndiyo inayoondoa kizazi, na nimewaona wanawake ambao iliwaondolea kizazi, kisha ikawaondoa wao wenyewe. Siku tukija shuleni, msiwafungie mabinti ndani.

La mwisho ni maji. Wakati wa Marburg kila mlango wa mkoa huu ulikuwa na ndoo na sabuni. Nimehesabu leo kuanzia getini hadi jikoni: hakuna hata moja. Wanafunzi mia nne wanatoka chooni wanakwenda kushika ugali. Wanangu, kibuyu chirizi hakingoji bajeti. Dumu la lita tano, kamba, fimbo mbili zilizochimbiwa, kipande cha sabuni. Serikali ya wanafunzi, nawapa kazi hii, na kidato cha nne waanze. Wazazi, mche mmoja mmoja wa sabuni kila mtoto anaporudi kutoka likizo utatosha muhula.

Mkuu wa Shule ameniambia kwamba kuanzia muhula ujao fomu ya afya itapokelewa na matroni peke yake, ndani ya bahasha iliyofungwa, na kwamba chumba cha wagonjwa cha wavulana kitapata mlango. Nitarudi kuuona mlango huo. Karatasi za siku za kubaki nyumbani chukueni pale kwa nesi. Mzazi ambaye kuna jambo hakuliandika kwenye fomu ya mwanawe, nitakuwa ofisi ya matroni hadi saa kumi na moja, peke yangu, na sitaandika jina lako mpaka uniruhusu.

Asanteni kwa kunisikiliza.